Mnyiri Mwembamba

Jioni moja ya kaskazi, kwenye meza ya mchuuzi wa pweza pale Manundu, Korogwe, niliona mkono uliokuwa haujamaliza kuwa mkono. Pweza mwenyewe alikuwa mzima, amelazwa kwenye sinia la bati, amechemshwa hadi akaiva wekundu wa zambarau, minyiri yake imejikunja kila mmoja kwa namna yake. Saba ilikuwa minene sawasawa. Wa nane ulianza na unene uleule wa wenzake, halafu, upana wa vidole vinne kutoka shinani, ukasinyaa ghafla na kuendelea ukiwa mwembamba kama kidole cha mtoto. Niliinama. Taa ya mchuuzi ikanionyesha vile vikombe vya kunatia, vimepangwa safu mbili kama vya minyiri mingine, ila vidogo mno, vile vya mwisho vimekaa kama punje za ulezi. Hata ncha ilikuwepo, imechongoka vizuri. Kilichopungua ni ukubwa tu. Ungedhani mkono ule ungepewa miezi michache zaidi ungewafikia ndugu zake.

"Huyo aling'atwa na mkunga," mchuuzi akaniambia alipoona nimeduwaa na kisu chake kinasubiri. "Ukakatika, ukaota mwingine. Nikukatie huohuo, kaka? Utamu ni mmoja."

Nikamwambia anikatie huohuo. Akaufunga kwenye kipande cha gazeti, chumvi na pilipili pembeni, nami nikaenda kukaa kwenye kibaraza cha duka lililokwisha fungwa, nikaufungua, nikauangalia mpaka ukapoa.

Korogwe si pwani. Bahari iko mwendo wa kilomita mia hivi, na pweza hutufikia akiwa ndani ya ndoo yenye barafu, ametoka Tanga na basi la asubuhi. Lakini mji huu haujawahi kuwa mgeni kabisa wa bahari, kwa kuwa Mto Pangani unapita hapa. Maji yaliyoshuka Kilimanjaro na Meru, yakatulia kwanza katika bwawa la Nyumba ya Mungu, hupita chini ya daraja letu yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yakaporomoka Hale, na mwisho yakaingia Bahari ya Hindi pale Pangani mjini. Nikiwa mtoto nilitupa vijiti darajani nikiamini kila kimoja kitafika. Ukivuka mto na kushika barabara ya kilomita 65 kwenda Handeni, nchi inazidi kukauka kadiri unavyokwenda: mahindi yanayoiomba mvua, mihogo inayovumilia bila kuomba, na vichaka ambavyo mwezi wa tisa huwa vya rangi ya majivu. Huko ndiko kwa mama yangu, kwa Wazigua. Mimi ni mtoto wa barabara hiyo. Habari za kukatika na kuota nilianza kuzijua humo njiani, kabla sijafungua kitabu chochote cha biolojia.

Mjomba wangu alikuwa mtu wa korona. Aliyekulia kwenye mkonge haelezwi korona ni nini. Kwa asiyejua, ni ile mashine inayolimeza jani la mkonge, ikaliponda nyama yake yote ya kijani, ikatema singa nyeupe zilizolowa, tayari kwenda kuanikwa. Inanguruma kutwa, inanuka uchungu wa majani yaliyovunda, na haijui tofauti ya jani na mkono. Mwaka ule nilipoanza darasa la kwanza ilichukua vidole viwili vya mkono wa kushoto wa mjomba, cha shahada na cha kati. Shamba alilokuwa akifanyia kazi lilimpa bandeji, mapumziko mafupi, na alipopona likampa ufagio na ujira mdogo kuliko ule wa kwanza. Nakumbuka alivyokuwa akikaa jioni uani, ameegemeza mgongo ukutani, akimtazama mjusi aliyekatika mkia kwa fimbo za sisi watoto. Baada ya wiki kadhaa mkia ulianza kutokeza, mweusi, mfupi, butu. Mjomba aliufuatilia mkia ule siku hadi siku, kama mtu anayesubiri barua. Siku moja akasema, kwa sauti ya mtu anayehesabu tu, wala hana kinyongo na mtu: "Mjusi amepewa."

Sijapata kusikia swali la kisayansi lililoulizwa kwa ufupi kuliko hilo. Kwa nini mjusi amepewa? Kwa nini pweza amepewa zaidi ya mjusi? Maana mkia wa mjusi unaorudi ni wa kuigiza: ndani yake hamna pingili za mifupa kama zile za kwanza, mna mrija wa gegedu tu, na mtu mwenye jicho huutambua kwa mbali. Mnyiri wa pweza hurudi na kila kitu. Jeraha hufunikwa na ngozi katika siku chache, kinatokeza kinundu, kinundu kinakuwa ndoano, ndoano inajinyoosha. Humo ndani misuli inajipanga, mishipa ya damu inatafutana, na neva zinaingia nyumba zake upya. Na neva za pweza si jambo dogo. Ana seli za neva kiasi cha milioni 500, na karibu theluthi mbili zake zimo mikononi, hazimo kichwani. Kwa hiyo anapokatika mkono, anapoteza sehemu ya akili yake pia. Miezi mitatu au zaidi baadaye, akili ile imerudi kazini: inapapasa mwamba, inaonja, inavuta kaa shimoni.

Na pweza bado ni mwanafunzi katika shule hiyo. Kwenye miamba hiyohiyo anaishi yule ambaye watu wa pwani walimwita kiti cha pweza, kiumbe wa mikono mitano asiye na kichwa wala mbele wala nyuma. Wapo miongoni mwao, wa jamii ya Linckia, wanaopatikana pia katika Bahari ya Hindi, ambao mkono mmoja ukikatika ukabaki peke yake juu ya mchanga, unatoa kwenye jeraha vichipukizi vinne vidogo, kisha mdomo, kisha tumbo. Kwa muda unaonekana kama nyota yenye mkia: mkono mmoja mkubwa wa zamani, na mingine minne kama meno ya mtoto. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na kwa wanadamu ni kweli tupu. Kwa kiti cha pweza huyu, kidole kimoja ni ukoo mzima. Jongoo wa bahari naye akishikwa na hofu hutapika matumbo yake yote, anamwachia adui, anatambaa kwenda zake akiwa mtupu, na baada ya wiki kadhaa ametengeneza matumbo mengine.

Lakini aliyeninyima usingizi ni sifongo. Mwaka 1907 mtaalamu wa Kimarekani, Henry Van Peters Wilson, alichukua sifongo hai wa baharini akamkamua kupitia kitambaa cha hariri kilichofumwa kwa karibu, kama mama anavyokamua tui kwenye kifumbu. Kilichodondoka upande wa pili kilikuwa maji yenye ukungu: seli moja moja, kila moja imetengana na mwenzake, mwili umekwisha. Akayaacha maji yale yatulie. Seli zikaanza kutambaa chini ya chombo. Zikakutana, zikashikana, zikawa madonge, na madonge yakajipanga upya yakawa sifongo, wenye mirija na matundu na kazi ya kuchuja maji. Maji yakimwagika hayazoleki, tunasema, na tunalisema mbele ya msiba, mbele ya talaka, mbele ya ndugu waliogombana. Na huku kwenye bakuli, mnyama aliyemwagwa akajizoa mwenyewe.

Ukiuliza wanawezaje, jibu linaanzia kwenye jambo ambalo kila mfinyanzi analijua. Udongo uwahi ungali maji. Kila mmoja wetu alianza akiwa seli moja iliyoweza kuwa chochote. Ikagawanyika, na kadiri ilivyogawanyika ndivyo kila sehemu ilivyofunga milango yake. Hii ikawa ngozi, hii ikawa mfupa, hii ikawa neva, na kila moja ikasahau yale mengine, ingawa waraka wote wa urithi bado umo ndani yake, haujachanwa hata ukurasa mmoja. Baadhi ya viumbe wa bahari huweka akiba ya udongo mbichi. Wataalamu huziita seli shina: seli ambazo hazijaamua, zinazozunguka mwilini zikisubiri kuitwa. Wengine hawana akiba kubwa, lakini seli zao zilizokwisha amua zinaweza kurudi nyuma, zikaacha kazi ziliyoizoea, zikawa tena kama za mwanzo, kisha zikaanza upya. Yupo yavuyavu mmoja mdogo, Turritopsis dohrnii, hafikii hata upana wa kucha, ambaye akijeruhiwa au akibanwa na njaa hujikunja mwili mzima akarudi kuwa kile alichokuwa utotoni, amejishikiza mwambani, na kutoka hapo huchipua yavuyavu wapya. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Waliotunga methali hiyo walikuwa mabaharia wanaozungumzia chombo. Nadhani wangempenda mnyama huyu anayelitimiza neno lao kwa nyama yake mwenyewe.

Kuna jaribio moja ambalo kila nikilirudia moyoni napata kitu kipya. Mwaka 1888 Mjerumani Wilhelm Roux alichukua kiinitete cha chura kilipokuwa kimegawanyika mara moja tu, seli mbili zimekaa ubavu kwa ubavu, akaichoma moja kwa sindano ya moto mpaka ikafa. Ile iliyobaki ikakua ikawa nusu kiinitete. Roux akahitimisha kwamba kila seli imepewa fungu lake tangu mwanzo, halizidi. Miaka mitatu baadaye, 1891, Mjerumani mwingine, Hans Driesch, akiwa Trieste kwenye Bahari ya Adria, akachukua kiinitete cha yule kiumbe wa duara mwenye miiba mirefu ambaye ukimkanyaga mwambani utachechemea wiki nzima. Driesch hakuchoma. Alizitikisa seli mbili ndani ya maji ya bahari mpaka zikaachana. Asubuhi alitarajia kukuta nusu mbili. Akakuta lava wawili, wazima, kila mmoja mdogo kuliko kawaida lakini hakukosa kitu. Jambo lile lilimshinda kulieleza. Miaka ya baadaye aliiacha maabara akawa mwanafalsafa, akitafuta jina la hiyo nguvu inayoiambia nusu kuwa ni zima.

Wengi huishia hapo: chura kashindwa, mnyama wa bahari kaweza. Lakini tofauti kubwa haikuwa kati ya wanyama. Baadaye wengine walizitenganisha kabisa seli za chura, na kumbe chura naye alipata wazima. Ile seli ya Roux ilikuwa na uwezo wote. Ila ilikuwa imeshikana na maiti ya mwenzake, na kwa vile mwenzake alikuwa bado yupo ubavuni, ikaendelea kujenga upande wake tu, ikimwachia jirani aliyekufa sehemu yake. Nimekaa na picha hiyo miaka mingi. Nimeona wajane waliokua hivyo. Nimeona vijiji vya mkonge vilivyokua hivyo, baada ya mashamba kufa, watu wameendelea kujenga nusu ya maisha, nusu nyingine wakiiachia kiwanda kilichopoa ambacho mabati yake bado yapo ubavuni mwao.

Na kwa kuwa nimetaja mkonge, niseme lililo wazi kwa yeyote aliyepita njia hii kutoka Segera hadi Mombo na kuona mistari ile ya kijani isiyokwisha. Mkonge wote huo ni kipande. Mwaka 1893, miaka miwili tu baada ya Driesch kutikisa bakuli lake, Mjerumani wa tatu, Richard Hindorf, aliagiza vikonyo 1,000 vya mkonge kutoka Florida, vilivyokuwa na asili ya Mexico. Vilisafiri baharini kupitia Hamburg, na vilivyofika pwani yetu vikiwa hai vilikuwa 62. Mkonge hauzai kwa mbegu kwa kawaida yake. Huota kwa maotea yanayotoka chini ya shina, au kwa vikonyo vinavyojitokeza juu ya mlingoti. Kwa hiyo vile 62 vilikuwa vipande, navyo vikatoa vipande, na vipande vikatoa vipande, hadi mwaka 1964 Tanganyika ilipozalisha zaidi ya tani 230,000 za singa. Treni ziliendeshwa kwa vipande hivyo. Barabara, hospitali na makaburi yapo kwa sababu ya vipande hivyo. Vidole vya mjomba wangu vilichukuliwa na mjukuu wa wale 62.

Mkonge una jambo lingine linaloufanya ndugu wa pweza, nami sijawahi kulisoma popote likisemwa pamoja. Mkonge huchanua mara moja. Miaka inapita, mmea umekaa chini, umekatwa majani tena na tena bila kulalamika, halafu siku moja unatoa mlingoti, unapanda juu kama wa jahazi, unatoa maua, vikonyo vinajaa kwenye matawi yake, kisha mmea wenyewe unakufa wima. Pweza jike naye hutaga mara moja. Anaingia shimoni, anatundika mayai darini, anayapepea kwa maji, hali chochote, na yanapoanguliwa anakufa mlangoni. Mwili ulioweza kuotesha mkono mzima, mara mbili, mara tatu, unaacha kabisa kujitengeneza. Uwezo bado ulikuwepo, lakini umehamishwa kwingine.

Nimesema mama yangu ni Mzigua, na sasa nifike mahali ambapo tafakari hii ilikuwa ikinivuta tangu kwenye kibaraza. Katika karne ya 19, njaa kali ilipoipiga Uzigua, watu wengi walichukuliwa utumwani, wakapakiwa majahazini, wakapelekwa pwani ya Somalia. Wazee wa ukoo wao wanasimulia kwamba mwanamke mmoja, Wanankhucha, mwonaji, aliwaongoza kutoroka mpaka bonde la Mto Juba, msituni, ambako walifyeka, wakalima, na wakaendelea kusema Kizigua. Mkono uliokatika ulibaki ng'ambo kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, sehemu ya watu hao walikimbia, na baadhi yao walipanda vyombo wakashuka kusini mpaka Tanga. Wakahifadhiwa Mkuyu, Handeni, kisha wakajengewa makazi Chogo, wilaya hiyohiyo. Watu wapatao 3,000. Serikali yetu ikawapa uraia. Wengine zaidi ya 10,000, wa jamii pana ya Wabantu wa Somalia, walihamishiwa Marekani kuanzia mwaka 2003.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa bado hai walipofika. Siku aliyorudi kutoka kuwaona, alikaa kimya muda mrefu akichambua mboga, halafu akamwambia mama: "Wanasema maneno ambayo mama yangu alikuwa akiyasema, mimi nimeshayaacha." Kipande kilikuwa kimetunza kitu ambacho mwili wenyewe ulikuwa umekipoteza. Sitaki kuvuta mfano huu kupita kiasi, kwa sababu mtu si pweza, na hakuna anayepaswa kuupamba utumwa kwa sababu waliofanyiwa walikuwa hodari. Waliokufa njiani hawakuota tena. Wala lugha haitunzwi na seli. Hutunzwa na mama anayemwimbia mtoto gizani katika nchi ambayo lugha hiyo inachekwa. Lakini nilipokuja kusoma habari za mkono wa kiti cha pweza uliobaki peke yake juu ya mchanga, unatoa polepole mikono minne midogo, sikuweza kuifikiria bahari. Nilifikiria bonde la Juba.

Kuna jambo ambalo Chogo ilinifundisha, na matumbawe ya Tanga yakalithibitisha. Matumbawe ni mnyama mdogo anayejigawa bila kuchoka, akajenga mwamba juu ya mifupa yake mwenyewe, na kwa aina nyingi tawi likivunjika likaangukia mahali pagumu hujishikiza na kuwa kichaka kipya. Kwa hesabu hiyo, baruti za wavuvi haramu zilizopigwa miaka mingi kwenye pwani yetu zingekuwa zimepanda miamba badala ya kuiua. Zilivunja vipande vingapi! Havikuota. Vilivyovunjika vimelala chini vikiwa kokoto, kila wimbi linavibingirisha, kipande hakitulii hata wiki moja, na kinachojaribu kushika kinasagwa na wenzake. Mahali pa namna hiyo panaweza kukaa miongo bila kupona. Uwezo umo ndani ya kila kipande. Kinachokosekana ni pa kushika. Wale ndugu zetu wa Juba walipofika Handeni hawakupewa moyo wa kuanza upya, huo walikuja nao. Walichopewa ni ardhi, na karatasi yenye jina lao.

Ndiyo maana nafurahi kila ninaposikia habari za wavuvi wa Kisiwa Panza, Pemba, waliokubaliana kufunga sehemu ya mwamba miezi mitatu pweza asiguswe, kisha wakafungua siku moja na kijiji kizima kikashuka na fimbo za kuchokolea. Miezi mitatu, kiasi cha muda anaohitaji pweza kuotesha mnyiri. Sidhani walipanga hivyo kwa sababu hiyo. Walipanga kwa sababu pweza hunenepa haraka na faida huonekana mapema. Lakini nimeipenda bahati hiyo ya namba. Hapa Tanga tunayo Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu mwaka 2009, na mipaka yake imechorwa vizuri kwenye ramani. Kwa wasomaji wangu mlio karibu na maji, naomba hili tu: mwamba uliofungwa uacheni ufungwe, na anayejua nani anatengeneza baruti asikae kimya.

Turudi kwa mjomba. Baadaye nilijifunza kwamba mwili wa binadamu haukunyimwa kila kitu. Ini likikatwa hata theluthi mbili, lililobaki hujijaza ndani ya wiki chache. Ngozi hujibadilisha maisha yote. Na mtoto mdogo akikatika ncha ya kidole, kama shina la ukucha limebaki na jeraha likaachwa lijiendee bila kushonwa kwa haraka, ncha inaweza kurudi, na ukucha wake, na hata mistari ya kidole. Kwetu sisi watu wazima jeraha hufungwa upesi kwa kovu. Kovu ni askari mwaminifu: linazuia damu, linazuia vijidudu, na linaufunga mlango ambao chipukizi lingepitia. Mjomba alikuwa na makovu mawili, laini, yanayong'aa, na baridi ya Julai ilikuwa ikimuuma kwenye ncha za vidole ambavyo havikuwepo.

Alipoacha kazi alirudi Handeni, nje kidogo ya Chanika, akiwa na shuka, redio, na mfuko wa nailoni wenye vikonyo alivyookota chini ya mlingoti shambani kule Korogwe. Akavipanda vikazunguka kiwanja chake, kimoja kimoja, akichimba kwa jembe fupi mkono wa kulia na kukishika kikonyo kwa vidole vitatu vya kushoto. Watu walimshangaa: mtu aliyeumizwa na mmea anauleta hadi mlangoni. Hakuwajibu. Alifariki miaka sita iliyopita, na ule uzio bado upo, umekuwa mnene kiasi cha kuzuia mbuzi.

Mnyiri wangu ulikuwa umepoa kabisa pale kibarazani. Niliula polepole, kwanza sehemu nene, kisha ile nyembamba. Mchuuzi alikuwa amesema kweli. Wiki iliyofuata nilikwenda Handeni kumwona mjane wa mjomba. Mkonge mmoja wa pembeni umetoa mlingoti mwaka huu, umeshapita paa la nyumba, na vikonyo vimeanza kudondoka uani.